Ameacha, Lakini Mtaa Haujamwachia

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na muuguzi mstaafu wa afya ya akili

Barua za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu akitaka kuacha ulevi au unga, yaani heroini, au akiwa ameshaacha, wanaomzunguka wamfanyie nini? Nimechagua tano. Majina ya walioandika yamehifadhiwa. Naanza na ile isiyoweza kusubiri.

Wazee wanataka kumfungia baba ndani

*Shikamoo mama. Baba yangu amekunywa gongo tangu nikiwa shule ya msingi. Siku hizi anaanza alfajiri, na asipopata mikono inamtetemeka hata kikombe cha chai hakishiki. Mjomba wake na baba zangu wadogo wawili wameketi na kuamua kwamba msimu huu wa korosho usimkute katika hali hiyo. Wanataka kumfungia chumbani siku saba, apewe uji na maji tu mpaka pombe imtoke, na mmoja ameagiza kwamba hata akilia tusimfungulie. Naogopa kuwapinga kwa sababu ni wakubwa zangu. Je, jambo hili ni salama? Kijana wa Newala.*

Marahaba, mwanangu. Si salama, na usikubali lifanyike. Nawaelewa wazee wako. Nia yao ni njema na wamechoka kumwokota ndugu yao njiani. Lakini mtu ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka apate pombe, mwili wake umeshaizoea kiasi kwamba kuikatisha ghafla kunaweza kumuua. Wengi hudhani kwamba unga ndio wenye hatari mtu anapouacha, na kwamba pombe ni suala la kujikaza tu, ilhali mambo yalivyo ni karibu kinyume. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapoukosa, humtesa mtu vibaya sana, lakini ni nadra kumuua mtu mzima ambaye hana maradhi mengine. Kwa mnywaji wa miaka mingi, kutetemeka, jasho, kutapika na moyo kwenda mbio huweza kuanza saa sita tu baada ya kinywaji cha mwisho. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kifafa. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa, wakaona wadudu wanaotambaa ukutani au wakazungumza na watu ambao hawapo. Hapo ndipo familia nyingi husema amepandisha mashetani, au amerogwa kwa sababu ya mashamba, na mgonjwa akapelekwa kwa mganga wakati saa zinazoweza kumwokoa zinakwisha. Mlango ukiwa umefungwa, na mkiwa mmeshakubaliana kwamba kilio chake hakisikilizwi, hakuna atakayetambua wakati kilio hicho kimegeuka kuwa ugonjwa.

Mpelekeni hospitali kabla hajaacha, msingoje azidiwe. Anzeni na hospitali ya wilaya hapo Newala, na mkielekezwa mbele, iwe Ndanda au Ligula, mwende. Mwelezeni daktari bila kuficha kiasi anachokunywa, saa anayoanza kunywa, na kama amewahi kuanguka kifafa. Kwa kawaida hupewa dawa ya kutuliza kama diazepamu, ambayo hupunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu ulevi wa muda mrefu huimaliza mwilini na upungufu wake huharibu ubongo. Mpaka siku mtakapofika huko, asinyimwe pombe ghafla. Najua sentensi hiyo itawashangaza wazee, lakini isomeni kama nilivyoiandika.

Kuhusu kuwapinga wakubwa zako, huna haja ya kuwapinga. Nenda wewe kwanza kwa daktari au kwa mganga mkuu wa kituo, umweleze, kisha rudi na ujumbe wake: daktari ameomba amwone mzee kabla ya jambo lolote kufanyika. Mjomba hawezi kuona kwamba ameamriwa na mtoto ikiwa maneno yaliyoletwa ni ya daktari.

Yako jambo la pili ambalo wazee wako wangelipenda kama wangelijua. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, William Miller, Robert Meyers na Scott Tonigan, walitoa matokeo ya uchunguzi wa ndugu 130 wa walevi waliokuwa wamekataa kabisa kutibiwa. Kundi moja la ndugu liliandaliwa kumkalisha mlevi kitako na kumkabili kwa pamoja. Kundi la pili lilifundishwa kukubali kwamba hawawezi kumbadilisha na kujitunza wenyewe. Kundi la tatu lilifundishwa namna ya kuishi naye kila siku, yaani kumkaribia na kumfurahia akiwa mzima, kuondoka kimya akiwa amelewa, kuacha kumsafishia aibu zake, na kungoja saa nzuri ya kumwambia kuhusu tiba. Walevi wa kundi la kwanza walioingia kwenye tiba walikuwa asilimia 30. Wale wa kundi la pili, asilimia 13. Wale wa kundi la tatu, asilimia 64. Kwa hiyo asubuhi ambayo baba yako ameamka na akili yake timamu, keti naye mnywe chai, mzungumze habari za mikorosho. Siku akirudi anapepesuka, muwekee chakula chake na uondoke. Usimtukane wala usimbembeleze.

Akitoka hospitali, msimu utakuwa ndio huo. Mabibo, matunda ya mkorosho, huiva wakati ule ule ambao fedha za korosho zinaingia, na sijui kama upo mtego mkubwa zaidi ya huo kwa mlevi wa kusini. Msimweke kwenye kukamua mabibo wala kulinda pipa, na msidanganyike na usemi kwamba uraka ni juisi tu. Uraka ni pombe ya mabibo, na kwa mtu kama yeye ndio njia ya kurudi kwenye gongo. Mpeni kazi ya kuanika, kupanga madaraja na kusimamia mizani, kazi ambayo atasimama mbele za watu akiwa na heshima yake.

Mwanangu ameacha unga, majirani hawamtaki

*Mpendwa mshauri, salaam. Mimi ni mama wa Magomeni, Mtwara mjini. Mwanangu wa kiume alipotelea Dar es Salaam miaka minane akila unga. Kabla ya kuondoka hapa aliiba sola ya jirani na kuiuza. Baadaye aliingia nyumba ya upataji nafuu, akamaliza, na sasa ana miezi mitano nyumbani. Sijaona dalili yoyote mbaya. Lakini akipita barazani watu wanaingiza simu ndani. Juzi kulikuwa na msiba, vijana wakaenda kuchimba kaburi, naye akachukua jembe kuwafuata, mwenzake akamnyang'anya akamwambia, "Wewe pumzika tu." Alirudi nyumbani akalala mchana kutwa. Wanasema hawa hawaachi. Nami nikiri kwako, pochi yangu naiweka chini ya mto. Nifanyeje watu wamwamini, wakati mimi mwenyewe simwamini?*

Mama, umeuliza maswali mawili na umeyaweka katika mpangilio mzuri, kwa sababu la pili ndilo linalotangulia.

Usijihukumu kwa ajili ya pochi. Mtu aliyeibiwa na mwanawe kwa miaka hawezi kuamka asubuhi moja akiwa na imani kamili, na mwanao akikudai imani hiyo yote kwa mkupuo atakuwa anakosea. Lakini pochi chini ya mto inamwambia jambo kila usiku, na yeye analisikia. Ninachowashauri wazazi ni kumwamini kwa vipimo vinavyojulikana na pande zote mbili. Mwambie waziwazi: "Mwanangu, fedha ya akiba bado siwezi kukuachia, lakini kuanzia wiki hii wewe ndiye utakayekwenda sokoni Chikongola." Mpe elfu tano, arudi na samaki na chenji. Wiki chache zikipita salama, mpe ya luku na ya maji. Fedha kubwa iweke mahali penye kufuli na umwambie ipo kwenye kufuli. Kufuli lililotangazwa halimdhalilishi mtu kama macho ya mama yanayomfuata kila anaposimama, na linampunguzia hata yeye mwenyewe vishawishi.

Sasa tuje kwa majirani, na hapa nitakuwa mkali kwa pande zote. Jirani aliyeibiwa sola anaposhika simu yake vizuri hamnyanyapai mtu. Anatunza mali yake, na ana sababu. Sola ile ni deni, na deni halifutwi na miezi ya kukaa katika nyumba ya nafuu. Wale waliokusanyika huko Marekani kuanzia mwaka 1935 kusaidiana kuacha pombe waliweka katika hatua zao 12 hatua mbili nzima kuhusu kuwaorodhesha watu uliowadhuru na kwenda kuwafidia, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungewaumiza zaidi. Hawakuweka hatua hizo kwa ajili ya kupendeza. Basi mwanao aende kwa jirani huyo, akiwa na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza, akiri na kuomba apangiwe namna ya kulipa, hata kama ni kidogo kidogo kwa kibarua. Usimlipie wewe. Ukimlipia, jirani atakuwa amelipwa, lakini atabaki akimjua kijana wako kama mwizi ambaye mama yake ana fedha.

Kilichotokea makaburini ni jambo jingine kabisa. Pale hapakuwa na mali ya kulinda. Jembe si simu. Kijana alitaka kushiriki kazi ambayo kwetu kila mwanamume mzima anaifanya bila kuitwa, na mwenzake akamtoa katika hesabu ya watu mbele ya wote, kwa maneno yenye sura ya upole. Huo ndio unyanyapaa unaopaswa kupigwa vita, na unamrudisha mtu kwenye unga haraka kuliko matusi, kwa sababu tusi unaweza kulijibu. Ukiwa huna kazi msibani, hukai jamvini na wenzako, na hakuna anayekutuma hata maji, kijiwe kimoja tu ndicho kitakachokupokea bila kukuuliza ulikuwa wapi.

Usijaribu kuugeuza mtaa mzima. Tafuta mtu mmoja ambaye wengine humfuata, kwa mfano yule anayegawa majembe na kupanga zamu kwenye misiba, au imamu, au kocha wa timu ya vijana, umwombe kitu kidogo na mahususi: safari ijayo amwite mwanao kwa jina mbele za watu na ampe kazi ya kufanya pamoja na wengine. Usiombe asamehewe wala aonewe huruma. Omba kazi. Wenzake wakishachimba naye kaburi moja na kunawa naye maji ya ndoo moja, sehemu kubwa ya maneno yatakwisha yenyewe.

Wanaosema "hawa hawaachi" wanasema jambo lisilo la kweli. Wakati wa vita ya Vietnam, karibu askari mmoja kati ya watano wa Marekani waliochunguzwa alijiona ametekwa na heroini akiwa kule. Serikali yao iliingiwa na hofu kwamba inarudisha nyumbani maelfu ya waraibu, ikampa mtafiti Lee Robins kazi ya kuwafuatilia. Aligundua kwamba katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya wale waliokuwa waraibu huko ndio waliorudi katika uraibu. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini kubwa mojawapo ni kwamba waliondoka mahali penye unga, na penye watu na mambo yaliyoambatana na unga, wakarudi kwenye familia na kazi. Sisemi kwamba mwanao ni askari wa Vietnam, wala kwamba Mtwara haina unga. Unga upo na unauzwa. Ninachosema ni kwamba kurudi kwake Magomeni, mbali na vijiwe alivyovizoea Dar es Salaam, ni faida kubwa aliyonayo, na majirani wanaweza kuiharibu au kuikuza.

Pamoja na hayo, wako wanaorudia, na ni wengi. Makadirio yanayotumiwa Marekani ni kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao hali zao huharibika tena. Akirudia siku moja, msimfukuze usiku huo, na sababu yake si huruma peke yake. Mwili uliokaa miezi mitano bila unga umepoteza mazoea, kwa hiyo kipimo alichokuwa akikihimili zamani kinaweza kumuua sasa, hasa akitumia peke yake mafichoni kwa sababu ya aibu. Ukimkuta amelala usingizi usioamshika, anapumua polepole mno au anakoroma kwa shida, midomo imekuwa ya rangi ya majivu na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mlaze ubavu, usimwache peke yake, na mkimbize hospitali ukiwaambia wazi kwamba ni unga. Ipo dawa ya kuzindua, inaitwa naloksoni, na wanaihitaji habari hiyo mapema ili wasipoteze muda kutafuta malaria.

Na usisikilize wanaobeza methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu badala ya unga, kwamba ni kubadilisha unga kwa unga. Tanzania Bara ilianza kuitoa mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na baadaye huduma ikasambaa katika mikoa mingine. Mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu, haimleweshi akipewa kwa kipimo chake, na inampa nafasi ya kwenda kazini bila arosto. Mwanao akiona hawezi kusimama bila msaada, nendeni kitengo cha afya ya akili Ligula muulize namna ya kupewa rufaa ya huduma hiyo.

Mwali wangu anachezwa, nimeambiwa nikae mbali

*Shikamoo bibi. Mimi ni mwanamke wa wilaya ya Nachingwea. Nilikuwa mlevi sana baada ya kuachika, watu wa hapa wote wananijua. Nina miaka miwili sijagusa pombe. Desemba hii binti yangu anachezwa unyago, na nimesikia makungwi wamesema mimi nisikae karibu na mwali kwa sababu nitamtia nuksi. Mlevi mwenzangu wa zamani, mwanamume, mwaka jana mwanawe aliingia jandoni na yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa sherehe. Inaniuma.*

Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo tofauti uliyoiona ipo. Mwanamume akilewa huambiwa ana matatizo. Mwanamke akilewa huambiwa hana malezi, na akiacha bado malezi yanatiliwa shaka. Ndiyo maana wanawake wengi hunywea ndani na kufika hospitali wakiwa wameharibika zaidi, ingawa mwili wa mwanamke huumizwa na pombe upesi kuliko wa mwanamume, kwa kuwa una maji machache ya kuizimua.

Usiende kwa makungwi peke yako kubishana. Mambo ya unyago yana wenyewe, na ukienda na hasira watasema umeanza tena. Tafuta mwanamke mkubwa katika ukoo wenu ambaye kungwi hawezi kumkatalia, awe bibi yake mwali au dada mkubwa wa mama yako, naye aende na swali moja: ni kazi gani ya mama mzazi ambayo haiwezi kufanywa na mtu mwingine, na je, mama huyu ataifanya? Akiuliza hivyo, mazungumzo yatahusu kazi, na nuksi itakosa pa kukaa. Wakikupa nusu ya ulichotaka, pokea, uifanye vizuri mbele ya macho yao. Kama bado wanakunyima kila kitu, mwenyekiti wa kijiji hawezi kukusaidia hapa, nami sitakudanganya kwamba anaweza.

Nina wasiwasi mmoja ambao hukuutaja. Kwenye ngoma hiyo kutakuwa na pombe, tena ni Desemba, wakati uraka haujakauka, na wapo watakaokunyooshea kata makusudi ili waone. Uwe na mwenzako mmoja anayejua, ambaye atakuwa karibu nawe usiku kucha, na upange mapema nyumba ya kwenda kulala ikiwa utaona pumzi inabana. Ukiondoka saa nane za usiku hujakosa heshima kwa mtu yeyote.

Binti yako naye ana masikio. Kabla hajaingia ndani, mweleze mwenyewe ulikuwa nani na sasa wewe ni nani, asije akasimuliwa na wengine.

Tunataka watoe ushuhuda mbele ya watu

*Ndugu mshauri, mimi ni mwenyekiti wa mtaa Lindi mjini. Tunao vijana kama wanane walioacha bangi, unga na gongo. Katika kupunguza unyanyapaa tumepanga tarehe 26 Juni wapande jukwaani mmoja mmoja watoe ushuhuda, jamii iwaone na iwapokee. Unatushauri nini?*

Mheshimiwa mwenyekiti, nakushukuru kwa kuwajali, lakini jukwaa hilo nakushauri uliondoe. Tarehe 26 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kuwa siku ya kupiga vita dawa za kulevya, ni siku ya hotuba na fulana. Ikipita, kijana aliyesimama mbele ya mtaa na kutaja alichoiba na alicholala nacho atabaki na maneno yake kila anapokwenda kuomba kazi au kuposa. Hawezi kuyarudisha. Na vijana hao hawatakukatalia, kwa sababu wewe ndiye unayegonga muhuri kwenye barua zao. Anayetaka kusimulia kwa hiari yake, baada ya muda mrefu wa nafuu, asimulie. Asipangiwe ratiba na ofisi. Vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe na dawa duniani kote vimeshikilia kanuni ya kutotaja majina hadharani, na kanuni hiyo imewawezesha watu wengi kuingia mlangoni.

Fedha ya jukwaa na spika ifanyie jambo jingine. Mwaka 1973 George Hunt na Nathan Azrin walieleza jaribio walilofanya hospitalini katika jimbo la Illinois, Marekani, kwa wanaume 16 waliolazwa kwa ulevi. Wote walipewa mafunzo ya kawaida ya hospitali, lakini nusu yao waliongezewa mambo yasiyo na dawa ndani yake: walisaidiwa kutafuta kazi, kusuluhishwa na wake zao na familia zao, na kupata mahali pa kukaa jioni, yaani baa ya zamani iliyogeuzwa kuwa klabu isiyouza pombe. Katika miezi ya ufuatiliaji, nusu hiyo walikuwa wakinywa asilimia 14 ya siku zao. Wenzao walikuwa wakinywa asilimia 79. Ni watu wachache, na tafiti nyingine zilihitajika na zikafanyika, lakini nadhani mwenyekiti anaona ninakoelekea. Mtaa wako una banda la kahawa? Una bao, keramu, televisheni ya mpira? Saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku ndizo saa mbaya kwa kijana aliyeacha, kwa sababu kazi zimekwisha na usingizi haujaja. Mkiwa na mahali pamoja ambapo gongo haiingii, wasiokunywa na walioacha wakachanganyika bila mtu kuulizwa yeye ni wa kundi gani, mtakuwa mmefanya zaidi ya jukwaa. Kisha kwenye vibarua vinavyopita mikononi mwa ofisi yako, kama kuchimba mitaro na kusafisha mifereji, waingize wawili watatu kati ya hao wanane katika orodha, bila alama yoyote mbele ya majina yao.

Wauzaji ni habari nyingine; usiichanganye na hii. Taarifa zao zipelekwe polisi au kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo namba yake ya bure ni 119. Usimtumie kijana aliyeacha kuwa mtoa habari wako. Utamrudisha kwenye vijiwe ukimtafutia ushahidi, na ukikosea utamzika.

Nimrudishe chomboni?

*Mimi ni nahodha, Kilwa Kivinje. Kijana wangu wa zamani ana miezi mitatu ameacha unga, anaomba kurudi baharini. Mabaharia wengine wanagoma. Nifanye nini?*

Nahodha, mabaharia wako wana hoja moja ya kweli: baharini usiku mtu mmoja asiyeweza kusimama ni hatari kwa wote. Kwa hiyo anza naye pwani. Mpe kushona nyavu, kupakua na kupima samaki kwa muda utakaouona unafaa, mkubaliane mapema ni lini atapanda chombo kwa safari fupi ya mchana, na siku hiyo ikifika itimize, maana ahadi inayosogezwa kila mwezi itamvunja moyo. Mabaharia wahusishe katika kupanga siku hiyo. Waliogoma watakubali kwa urahisi jambo walilolipanga wenyewe.

Tazama zaidi mgawo kuliko bahari. Fedha taslimu mkononi, dikoni, alfajiri, mwili umechoka na muuzaji amesimama hatua chache, ndipo wengi wanapoanguka. Muulize yeye mwenyewe angependa mgawo wake upitie wapi: wengine huomba utumwe kwa simu kwa dada au mama, wengine huomba wapewe kwa wiki. Aamue yeye, na akishaamua usibadilishe siku akija kukuomba kwa haraka.

Na mwambie sasa, akiwa mzima, utakachofanya akirudia: atashuka chomboni siku hiyo hiyo, ataendelea na kazi ya nyavu kama anaweza kusimama, na akipitisha siku thelathini salama mtakaa tena na mabaharia kupanga safari yake ya kwanza.